Magunzi, maganda au makala (mkaa): kipi kinafaa kunasa metali nzito katika maji ya Lubumbashi

Mwezi wa Julai, mvua ikiwa imekatika tangu Aprili, bustani za lengalenga, yaani mchicha, zilizo kando ya mto Kafubu huishi kwa maji ya mto peke yake, na maji hayo mara nyingi ni maangavu kiasi cha mtu kuona kokoto za chini. Wengi huuamini uangavu huo. Lakini shaba, kobalti, kadimiamu na risasi zikishayeyuka majini hazileti tope wala harufu, na mara nyingi hazina hata ladha. Kuchemsha maji hakuziondoi, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na metali hubaki ileile katika maji machache zaidi. Klorini nayo huua vijidudu, na kazi yake inaishia hapo.

Mji huu uliota kando ya tanuru. Uyeyushaji wa shaba ulianza hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na mgodi wa Kipushi, uliotoa shaba na zinki kwa miaka mingi, ulifunguliwa mwaka 1924 umbali wa kilomita 30 hivi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga walioishi karibu na migodi na viwanda, na kiasi cha kobalti walichokikuta kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wasiofanya kazi migodini. Metali hizo huingia mwilini kwa njia kadhaa, mboga na vumbi zikiwa miongoni mwake, na maji yanayonyweshea mboga yamo katika mnyororo huohuo.

Ndiyo maana swali la mabaki ya shamba linaulizwa sana siku hizi: je, magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, ya mihogo au ya ndizi yanaweza kuyasafisha maji haya, na kama yanaweza, tuchague lipi? Jibu langu ni kwamba jina la ganda lisiwe swali la kwanza. Anayechagua aulize kwanza ni metali gani iliyomo, maji ni ya kazi gani, na mabaki yakishashiba metali yatawekwa wapi. Maswali hayo matatu hubadilisha mpangilio wote, na mtu asiyeyauliza hununua kazi ya miezi mingi isiyomfaa.

Jinsi mabaki yanavyoshika metali

Mwili wa mmea umejengwa kwa selulosi, lignini na, katika maganda laini, pektini. Juu ya vitu hivyo kuna vikundi vya kikemia vyenye oksijeni ambavyo, maji yasipokuwa na asidi kali, hubaki na chaji hasi. Metali iliyoyeyuka ina chaji chanya, na ikipita karibu hushikwa, huku kalsiamu iliyokuwa imekaa pale ikiachia nafasi. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika ndani ya saa moja au mbili, na unga laini huifanya haraka kuliko chenga kubwa, ingawa unga huohuo huziba kichujio.

Maji yakiwa na asidi kali, pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ikiwa chini ya 3 hivi, haidrojeni huzijaza nafasi zote na metali hupita bila kuguswa. Mabaki hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa kati ya 5 na 6, na ikipanda juu ya hapo baadhi ya metali huanza kuganda zenyewe kuwa chenga.

Metali nazo hazishikwi kwa nguvu moja. Kwa kawaida risasi hushikwa vizuri kuliko zote, shaba inafuata, kisha kadimiamu, na nyuma kabisa huja zinki, nikeli na kobalti. Kwetu hilo ni habari ngumu, kwa kuwa Kongo ndiyo inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na kobalti ndiyo metali inayoyasumbua mabaki ya mimea. Aseniki ni jambo jingine kabisa: majini hutembea na chaji hasi au bila chaji, kwa hiyo ganda lisilopakwa chuma haliishiki. Tena maji magumu, yanayotoka kwenye mawe ya chokaa na dolomiti, yamebeba kalsiamu na magnesiamu nyingi zinazogombania nafasi zilezile.

Vyupa vitano mezani

Nikifundisha jambo hili hupanga vyupa vitano vya mayonezi juu ya meza, kila kimoja kikiwa na nusu lita ya maji niliyoyatia chumvi ya buluu ya shaba, ile ambayo watu wa pwani huiita mrututu. Katika kila chupa hutia kijiko kimoja cha unga: gunzi bichi, ganda la karanga bichi, ganda la muhogo lililolowekwa na kukaushwa, ganda la ndizi, na gunzi lililochomwa kuwa makala, kama tunavyouita mkaa hapa. Tunakoroga, tunangoja saa moja, tunachuja kwa kitambaa kizito, halafu tunadondosha amonia kidogo. Kadiri shaba iliyobaki ilivyo nyingi, ndivyo buluu inavyokoza.

Chupa cha gunzi bichi hubaki na buluu nzito, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Karanga na muhogo hupunguza kidogo. Ganda la ndizi hupunguza zaidi, lakini maji yanakuwa ya kahawia hata rangi ya amonia inakuwa ngumu kusoma. Siku moja mama mmoja mwenye bustani alikiinua chupa hicho kwenye mwanga wa dirisha akaniuliza, "Mwalimu, haya yamegeuka chai, nikiyaweka siku tatu hayataoza?" Tuliyaacha yakae, na siku ya nne yalikuwa na utando juu na harufu ya uchachu.

Chupa cha makala ndicho kinachopendeza macho, na ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Maji hutoka maangavu na buluu karibu imekwisha, ila chini ya chupa, kabla ya kuchuja, kunakuwa na chenga laini za kijani-buluu. Chenga hizo hazikunaswa na makala. Jivu lililomo limepandisha pH, na shaba ikaganda. Anayeyamimina maji hayo bondeni bila kuyachuja anamimina na shaba yake. Nikirudia jaribio kwa makala yaliyooshwa mpaka jivu likaisha, kazi inapungua, lakini hapo ndipo tunapoona nguvu ya makala yenyewe, inayobaki hata baada ya ndoo kadhaa. Atakayeambiwa kwamba makala fulani yanaondoa karibu shaba yote aulize kama yalioshwa kabla ya kupimwa.

Mabaki yenyewe, moja baada ya jingine

Gunzi lina sifa mbili kubwa: ni gumu, na linapatikana. Mavuno ya Aprili na Mei yakipukuchuliwa kwenye mashamba ya barabara ya Kasenga au ya Kipushi, magunzi hurundikwa palepale, na yeyote mwenye baiskeli anaweza kujaza gunia. Mjini kwenyewe hayapo mengi, kwa kuwa kinu hupokea punje. Udhaifu wa gunzi bichi ni kwamba linashika metali kidogo, kwa hiyo bila kulitayarisha siwezi kulipendekeza. Tena gunzi lina mshindani: mbabula, yaani jiko la makala. Kaya nyingi huliwashia moto, na kila gunia linaloingia kwenye pipa la maji limetoka jikoni kwa mtu.

Ganda la karanga ndilo ninalolipenda zaidi kwa kichujio kidogo. Halina kazi nyingi nyumbani, hukusanyika kwa wanaobangua karanga za kuuza, haliozi upesi, na likichomwa hutoa chenga ngumu zinazopitisha maji bila kuziba. Likiwa bichi linashika kuliko gunzi, ingawa si kwa kiasi cha kumfanya mtu aache kulichoma.

Ganda la muhogo linashika kiasi, lakini lina sumu ya asili inayotoa sayanidi, nyingi kuliko ile ya nyama ya muhogo, kwa hiyo ni lazima lilowekwe, maji yake yamwagwe, na likaushwe juani kabla ya kutumika. Zaidi ya hayo, muhogo mwingi unaochanganywa katika bukari (ugali) yetu hufika mjini ukiwa umemenywa na kukaushwa, na maganda yamebaki kijijini. Ganda la ndizi, na ndugu yake la chungwa, lina pektini nyingi na ndilo hodari kuliko yote likiwa bichi. Watafiti wa Brazili wamelionyesha likinasa shaba na risasi kutoka maji ya mto. Kuoza kwake na rangi yake vinaliondoa katika maji ya kunywa, na katika bustani linafaa tu ikiwa litabadilishwa mara kwa mara.

Makapi ya mpunga yanasifiwa sana katika maandishi ya Asia, na sifa hizo ni za kweli, lakini mchele tunaoula Lubumbashi hufika umekwisha kukobolewa. Mtu wa Uvira, aliye karibu na mpunga wa bonde la Ruzizi, atachagua vingine, na wakulima wa kahawa wa Kivu wana makapi yao. Kuyasafirisha hayo mpaka kwetu hakuna maana yoyote.

Mabichi, yaliyooshwa kwa soda, au makala

Kwa maoni yangu, uamuzi wa jinsi ya kutayarisha mabaki una uzito kuliko uamuzi wa mabaki gani. Mabaki mabichi, yaliyosagwa na kuoshwa kwa maji moto, hayana gharama, ila hutoa rangi, huoza, na hushika kidogo.

Soda kaustiki, ileile wanayotumia mama zetu wanaopika sabuni, hubadilisha hali hiyo. Unga wa gunzi ukilowekwa katika soda hafifu, lignini kiasi huyeyuka, rangi hutoka, na nafasi nyingi zaidi za kushika metali hufunguka, hasa za shaba na kadimiamu. Kisha unaoshwa tena na tena mpaka maji ya kuoshea yasiteleze vidoleni na karatasi ya pH ionyeshe 7 hivi. Hasara yake ni kwamba soda inaunguza ngozi na macho, na maji yake ya kahawia lazima yasawazishwe kabla ya kumwagwa. Anayekwisha kupika sabuni anajua kuishughulikia. Kwa asiyejua, si mahali pa kujifunzia peke yake, watoto wakiwa uani.

Ipo pia njia ya asidi ya sitriki, ambayo unga wa mmea huloweshwa nayo na kupashwa joto la digrii 120 hivi kwa saa kadhaa ili asidi iungane na selulosi. Hiyo ni kazi ya maabara yenye oveni inayoaminika. Maji ya limau na juhudi havitoshi.

Makala hutengenezwa kwa kuchoma mabaki katika pipa lenye hewa kidogo, kwa joto la digrii 350 hadi 500. Joto likizidi sana, vikundi vyenye oksijeni hupotea pamoja na nguvu ya kushika metali, na ukiona jivu jeupe, hewa imeingia mno. Kilo 10 za magunzi makavu hutoa kilo 2.5 hadi 3.5 za makala. Makala hayaozi, hayatoi rangi yakioshwa, na yanavumilia kukaa majini. Kwa hiyo, kwa mtu asiye na maabara wala mkono wa soda, chaguo langu ni makala ya ganda la karanga yaliyooshwa, na la pili ni makala ya gunzi. Makala ya kawaida ya mti wa msituni hayachukui nafasi yao: hayakutengenezwa kwa joto linalojulikana, na kila gunia lake limetoka kwenye msitu ambao tayari unarudi nyuma mwaka hadi mwaka.

Kwa maji ya kazi gani

Kwa karakana au mahali pa kuoshea mawe ya madini, maji huwa na metali nyingi na wakati mwingine asidi, kwa kuwa asidi ya salfuriki ndiyo inayotumika kuyeyushia madini ya oksaidi. Hapo mabaki ya shamba hushindwa na chokaa. Chokaa hupandisha pH na kuigandisha shaba kwa gharama ndogo. Kobalti, nikeli na kadimiamu huhitaji pH ya juu zaidi, karibu 10, na maji hayo lazima yarudishwe chini kabla ya kuachiliwa. Baada ya tope kutulia na kuchujwa, na pH kurudishwa, ndipo makala au unga ulioloweshwa kwa soda unapopata kazi yake halali ya kuokota kidogo kilichobaki. Anayeanza na maganda kwenye maji ya asidi anapoteza maganda.

Kwa bustani, fanya hesabu kabla ya kubeba gunia. Chukua mfano wa maji yenye shaba miligramu 5 kwa lita, na mkulima anayemwagilia lita 1000 kwa siku: kila siku anashughulika na gramu 5 za shaba. Ikiwa kila gramu ya makala inashika miligramu 5, anahitaji kilo 1 kwa siku, yaani kilo 120 katika miezi minne ya kiangazi, ambazo zimetoka kwenye kilo 400 hivi za magunzi. Vitabu hutoa namba nzuri zaidi, makumi ya miligramu kwa gramu, lakini namba hizo kwa kawaida zimepatikana kwa maji safi ya maabara yenye metali moja na pH iliyochaguliwa. Mtoni metali ni nyingi, kalsiamu ipo, na kipimo cha miligramu 5 ni cha kutia moyo kuliko cha kukatisha tamaa. Kwa bustani kubwa, basi, siwezi kumshauri mtu achuje maji yote. Nashauri achuje maji ya kitalu, ambacho ni kidogo, ahamishie mboga za majani mbali na ukingo unaofurika, atie samadi na chokaa kidogo kwenye udongo ili metali zilizokwisha kufika zishikwe hapohapo, na aoshe majani kwa maji yaliyopimwa, kwa kuwa sehemu ya metali hukaa juu ya jani kama vumbi. Maji yakisafishwa na udongo ukabaki vilevile, lengalenga itaendelea kuchota kutoka chini.

Kwa kunywa, nina neno moja zito. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita, kadimiamu 3, aseniki 10, na shaba miligramu 2. Hakuna jicho, ulimi wala amonia ya mezani inayoweza kuonyesha mikrogramu 3 za kadimiamu. Kinachoweza ni maabara. Kichujio kilichofanya kazi wiki ya kwanza kinaweza kushiba wiki ya tatu na kuanza kuachia metali kilizozishika, na mwenye nyumba asijue. Kwa hiyo mzazi mwenye kisima chenye shaka asitegemee pipa la maganda kwa maji ya watoto wake ikiwa kuna bomba au kisima kingine kilichopimwa, hata kama kubeba bidoni kutoka huko ni mzigo. Ikiwa hakuna kabisa, atumie makala ya karanga yaliyooshwa, yasiyopungua unene wa mkono mmoja ndani ya ndoo, ayabadilishe mapema, na apeleke maji maabara kabla na baada ya kuchuja, zaidi ya mara moja. Akiambiwa kwamba kuna aseniki, aachane na mabaki ya mimea na atafute maji mengine.

Mabaki yaliyoshiba

Katika ule mfano wa bustani, mwisho wa kiangazi mkulima anabaki na kilo 120 za makala zenye gramu 600 za shaba, na huenda kadimiamu kidogo. Maabara inaweza kuyaosha kwa asidi hafifu na kuyatumia tena, lakini maji ya asidi yanayotoka hapo ni sumu iliyokolea, na hiyo si kazi ya uani. Mabaki hayo hayatupwi kwenye mboji, hayapewi mbuzi, na hayachomwi, kwa sababu risasi na kadimiamu hupanda na moshi na kinachosalia hukaa katika jivu. Yakaushwe, yafungwe kwenye magunia mazito, yawekwe juu ya sakafu ya saruji chini ya paa ambapo mvua ya Novemba haiwezi kuyafikia, na yangojee mahali panapopokea taka za madini.

Mama yule wa bustani alinionyesha magunia yake mawili mwezi uliopita, yamesimama kwenye kona ya ghala mbali na kuni, yamepakwa rangi nyekundu juu mpaka chini. Alisema kuandika hakutoshi, kwa kuwa mtoto wake mdogo, ambaye hajajua kusoma, ndiye anayetumwa kila jioni kuchukua vya kuwashia mbabula.